Leso ya Njano ya Shosho Rosebella

Baada ya miaka ishirini na mmoja ya kupika uji katika Chekechea ya Neema ya Asubuhi hapa Gatina, Nairobi, Bi. Rosebella Nanyama anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Machi. Watoto humwita Shosho, yaani nyanya yao. Wazazi wengi pia humwita hivyo, maana baadhi yao walikunywa uji wake kabla meno yao ya utoto hayajang'oka.

Shosho alizaliwa Kimilili, akaolewa, akaja Nairobi na kupanga nyumba Makina, Kibera, ambako amekaa hadi leo. Alianza kwa kuuza mandazi kando ya barabara, kisha akaletwa hapa kushika mwiko kwa wiki moja tu, mpishi wa wakati huo alipougua. Wiki hiyo haijaisha. Kila asubuhi hutoka Kibera kwa miguu, na moshi wa jikoni ukionekana juu ya mabati, wazazi hujua mlango umefunguliwa.

Ana misimamo yake. Uji wenye madonge huuita matusi. Mwaka mmoja mvua ilibeba bati la jikoni, naye akamwita Jeconia, fundi wa mbao wa jirani, amshikie bati juu ya sufuria mpaka uji uive. Jeconia alipolalamika kwamba mikono inamuuma, Shosho alimwambia, "Jiko litajengwa kesho. Uji ni wa leo." Jeconia bado husimulia, na kila mwaka lile bati huzidi kuwa zito.

Mimi ni Ndanu. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, na tangu Januari ninamsaidia Shosho jikoni. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Musimbi, ameniomba niandike wasifu huu, naye atausoma siku ya kumuaga. Sitaweza kueleza kazi ya Shosho bila kumtaja mdogo wangu Ian, ambaye ana miaka mitano na ana usonji.

Nyumbani Ian hupanga vifuniko vya soda kwenye korido ya ploti tunamopanga, kutoka mlango wetu hadi bombani, na majirani wamejifunza kuviruka wakiwa na ndoo zao. Hula vitu vyeupe tu, na mchuzi usiguse. Haongei sana. Mama yetu, Mwongeli, hufua nguo katika nyumba za watu Lavington, na kabla ya kuja hapa alikuwa amerudishiwa Ian na chekechea nyingine akiambiwa mtoto hana adabu.  Mama alimfunga Ian mgongoni, ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea, wakaja kujaribu hapa.

Wakati huo kengele yetu ilikuwa ringi ya gari iliyotundikwa kwenye nguzo. Ikigongwa, Ian alijitupa chini, akaziba masikio na kujiuma mkono. Mwalimu Musimbi alisema kwa upole, "Atazoea." Shosho alikuwa akikoroga uji, hakugeuka. "Sisi ndio tuzoee, mwalimu. Sisi ni wengi, tutagawana."

Kesho yake alileta doti ya leso za njano, kanga mbili zinazouzwa pamoja. Moja aliishika pembe mbili mlangoni mwa jiko na kuiinua juu, kimya. Watoto walishangaa, wakaja. Baada ya muda ukawa mchezo: anayeiona leso kwanza humgusa mwenzake begani, na uwanja mzima hujipanga na vikombe bila kelele. Ian alikuja wa mwisho, akautazama mwiko ukizunguka, akanywa. Uji wetu ni wa wimbi na si mweupe hata kidogo. Hatujui alikubaliana vipi na nafsi yake.

Ile leso ya pili ya doti Shosho alimpa Mama. Mama akienda kazini huitundika mlangoni petu. Akirudi huitoa yeye mwenyewe, Ian akiona. Sasa Ian halii tena asubuhi. Akiitazama leso, anajua kuna mtu atakayerudi kuitoa.

Kosa lilitokea mara moja tu. Shosho aliifua leso ya shule asubuhi na kuianika kwenye kamba. Aliposikia kimya kisicho cha kawaida alitoka nje, akakuta watoto wote wamejipanga na vikombe mbele ya kamba ya nguo. Moto wenyewe ulikuwa haujawashwa. Mwalimu Musimbi alitoka darasani akiuliza, "Nani amewaita?" Billy, ambaye hana woga na mtu yeyote, alijibu, "Leso imesema, mwalimu."

Tulitaka kuwarudisha darasani. Shosho alikataa. "Ikidanganya leo, Ian ataiamini vipi kesho?" Akawasha jiko, wakanywa uji, na saa ya kawaida ilipofika wakanywa tena. Tangu siku hiyo leso hufuliwa Jumamosi na kuanikwa ndani.

Alipotangaza kwamba anastaafu na kurudi Kimilili, tulifurahi kwa ajili yake, lakini nyumbani kwetu tulijiuliza Ian atafanyaje. Mpishi mpya, Wanza, ni mtu mzuri na uji wake hauna donge. Ila mara ya kwanza alipoinua leso, Ian aliitazama, akatazama mikono iliyoishika, akakaa chini. Siku iliyofuata ikawa vilevile. Ian asipokunywa uji hushinda akilia, na mtoto anayeshinda akilia lazima mtu akae naye nyumbani. Mama alianza kufikiria kuacha kazi. Mimi nilianza kufikiria kuacha nafasi yangu ya chuo, ambako masomo yanaanza Mei. Hakuna aliyemwambia mwenzake.

Shosho alijua bila kuambiwa. Hakumbembeleza Ian. Alimwita Wanza, wakashika leso pamoja, pembe moja kila mmoja. Baada ya siku kadhaa Shosho akaachilia pembe yake, akasimama nyuma ya Wanza. Kisha akasimama langoni. Kisha nje, karibu na vijana wa boda boda, ambao walimuuliza, "Shosho, umefukuzwa ama?" Akawaambia anajifunza kustaafu.

Jumanne wiki hii hakuja kabisa. Wengine walinung'unika kwamba wiki ya mwisho si ya kukosa kazi. Wanza aliinua leso. Watoto walijipanga. Ian alikaa. Alitazama jikoni, akatazama langoni kwa muda mrefu. Watoto wa mwisho walipokuwa wakirudisha vikombe, aliinuka na kusimama mbele ya Wanza, kikombe mkononi.

Alikunywa nusu. Nusu nyingine aliibeba polepole, bila kumwaga, akaiweka juu ya kigoda cha Shosho kando ya jiko. Halafu akaenda kucheza.

Wanza alimpigia Shosho simu hapo hapo. Shosho akasema, "Nusu inatosha. Nyingine mwambieni nimeiona."

Jioni hiyo Mama aliitoa leso mlangoni, Ian akimtazama, kisha akaniuliza nimeshanunua nini cha kwenda nacho chuo.

Kwa niaba ya walimu, wazazi na watoto wote waliowahi kushika kikombe hapa, tunasema asante sana, Shosho. Moshi wa jikoni kwako Kimilili uwe mwepesi, miguu yako ipumzike, na jirani zako wakupikie sasa wewe. Leso imebaki mlangoni, Wanza ameishika. Na kigoda chako hatutakitoa.