Siku Tisa Mama Yenu Yuko Bunda

Mrisho, sogeza pazia niwaone nyuso. Shani, acha hiyo sufuria, kaa hapa mkekani karibu na miguu yangu, na wewe Mrisho keti pale penye cherehani, usisimame mlangoni kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Nipeni masikio, wanangu, maana pumzi niliyobaki nayo naijua kipimo chake, na kuna jambo moja nataka mnijibu leo kabla ya adhana ya magharibi. Mama yenu yuko wapi? Hapana, msijibu sasa. Jibu la sasa nimeshalisikia siku tisa: yuko Bunda kwa dada yake, alikwenda kwenye arobaini ya shemeji yake, dada mtu akashikwa na mguu, amebaki kumuuguza. Nitasema kwanza mimi, nyinyi mtasema mwisho, na mtasema kweli.

Nianze na mali, kwa kuwa ni fupi. Cherehani ya miguu ni ya Shani, kwa sababu ndiye aliyekubali kujifunza wakati nyinyi wanaume mlipoona mitumba inaingia sokoni mkasema ufundi umekufa. Ile ya mkono ni yako Mrisho, uuze ukitaka, sitakuja kuuliza. Nyumba hii ya Nyasho na kile kiwanja cha muhogo cha Buhare mwiteni sheikh awagawie wewe, dada yako na ndugu yenu Muharami aliyeko Geita, kwa mafungu ya dini, kila mtu achukue lake bila kununa. Kwenye kabati kuna suruali ya mwalimu wa Makoko, imebaki pindo tu. Shani aimalize ampelekee, maana mtu asiseme fundi Pazi alikufa na kitambaa cha watu.

Na nimetaja Buhare makusudi. Ijumaa ya wiki iliyopita mliniachia jirani wa kunilinda, mkaondoka nyote asubuhi, mkarudi jioni mkasema mlikwenda kupalilia muhogo. Shani ulikuwa umevaa baibui. Nani anapaliliaga muhogo na baibui? Siku ile ile redio yangu ikatolewa betri, mkasema zimeisha, na betri nilinunuliwa mwanzo wa mwezi huu. Mliogopa nisije nikasikia jina kwenye matangazo ya vifo. Majirani wanaingia hapa wananisalimia wakitazama dari. Lakini hayo yote ningeweza kuyameza. Nisiloweza kulimeza ni kwamba Felisian, ambaye amekuja kwangu kila siku tangu nianguke kitandani, hajakanyaga mlango huu siku tisa. Mimi ninaumwa figo, wanangu, siumwi akili. Felisian hajaja kwa sababu akija nitamuuliza, na yeye aliniapia zamani kwamba hatanidanganya, na nyinyi mmemwomba anidanganye, basi akaona bora akae kwake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha kifo huumbuliwa na marafiki.

Sikasiriki. Desturi hiyo naijua, mgonjwa hapewi habari ya msiba mpaka apate nguvu, na si nyinyi mlioianzisha. Hata mimi nimeifanya, kwa mikono yangu na kwa mdomo wangu, na aliyefanyiwa ni huyo huyo Felisian. Ninyi mlikuwa wadogo, mkaambiwa baba amehamia Makoko kwa kazi. Sikilizeni ilivyokuwa.

Ilikuwa mwaka wa themanini na nne, ule mwaka wa foleni, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, hata kitambaa cha sanda unakitafuta kwa kibali. Felisian alikuwa amelazwa na kifua kikuu, mvuvi yule mliyezoea kumwona akibeba nyavu peke yake amebaki mifupa na macho. Mkewe Dorotea alikuwaga anatembea kila siku kutoka Makoko mpaka hospitali na chungu cha uji na samaki kichwani, mvua au jua, na wagonjwa wengine wakawa wanajua saa kwa kumwona anaingia. Asubuhi moja alikwenda ufukweni kugeuza dagaa waliokuwa wameanikwa, akainama, hakuinuka. Hakuumwa hata siku moja. Mimi niliitwa kwa ajili ya sanda, na nilikuwa na kipande cha bafta nyeupe nilichokuwa nimejiwekea mwenyewe kwenye sanduku, kwa kuwa fundi anayejua hali ya vitambaa hangojei Mwenyezi Mungu amkute bila kitu. Nikamshonea Dorotea gauni la kuzikiwa, maana wao Wakristo humvika mtu nguo.

Tukakaa kikao. Kaka yake Felisian, jina lake Kwangu, ndiye mkubwa wa ukoo, akasema mgonjwa asiambiwe, akiambiwa tutazika wawili. Wote tukaitikia. Mimi ndiye niliyejitolea kupeleka chakula, na mimi ndiye niliyetunga uongo: Dorotea amekwenda Bunda kwa mama yake, basi halina dizeli, amekwama. Oneni jinsi uongo ulivyo mvivu, wanangu, miaka tisa imepita na bado unakwenda Bunda.

Siku ya kwanza Felisian alisema, mpe pole mama mkwe. Siku ya nne akauliza kama hakuna hata lori la pamba. Siku ya kumi hakuuliza tena, na nikafurahi, nikadhani amezoea, kumbe moyo wake ulikuwa unapika sumu. Siku ya kumi na mbili aliniambia nisogeze sikio, akasema, "Fundi, huyu mwanamke amenikimbia. Ameona mimi ni wa kufa, amekwenda kutafuta mzima. Mwambie kaka Kwangu aende kwao akadai ng'ombe wetu wa mahari, na mimi nikifa asikanyage kwenye kaburi langu." Akamtukana, Dorotea yule, kwa maneno ambayo sitayarudia mbele ya binti yangu. Na mimi nimeketi pale na chungu mapajani, chungu cha marehemu mwenyewe, na siwezi kumtetea bila kusema kweli. Ndipo nikaona tulichofanya. Tulidhani tunamkinga mgonjwa na kifo cha mkewe, kumbe tumemnyang'anya mke mara mbili, mara ya kwanza Mungu kamchukua kwa haki yake, na mara ya pili sisi tumemchukua hata ule wema wake.

Nikamwambia. Sikujua kupamba, nikasema tu, Felisian, Dorotea hakukukimbia, Dorotea alikufa, tulimzika Jumanne ile alipokosa kuja. Akakichukua chungu mapajani mwangu, akaniuliza swali moja, "Nani alitupa udongo wangu?" Kwao mume ndiye hutupa udongo wa kwanza. Nikamjibu hakuna, tuliuacha. Akasema, nipeleke.

Mlinzi wa lango akakataa, tukatokea nyuma, na gari halikuwepo hata kwa mtu mwenye fedha. Nesi mmoja, Mungu amrehemu popote alipo, alituona tunatoka akageuka kutazama dirishani. Nikamweka Felisian kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli yangu na kumfunga mgongoni kwangu kwa shuka, kama mama anavyobeba mtoto, na tukaenda hivyo mpaka Makoko, anakohoa shingoni kwangu, watu wanatupisha njia kwa hofu ya ugonjwa. Kaburini, hapo hapo nyumbani kwao, alishuka, akapiga magoti, akatupa udongo wake, akamwomba msamaha kwa ng'ombe na kwa matusi. Akalia. Mimi pia nililia, siwafichi. Yule kaka mtu, Kwangu, akatoka ndani ya nyumba na kunikuta pale, akaniita muuaji, na mimi nikamwita mwongo mbele ya ukoo wake wote.

Hapo ndipo penye deni langu, na nawaachia mlilipe. Yule Kwangu hakuwa mwongo peke yake, tulidanganya pamoja na mimi ndiye fundi wa ule uongo, lakini nilimgeuzia kibao nikajifanya msafi. Miaka yote hii tunapishana sokoni bila salamu, na kosa kubwa zaidi ni langu. Akija msibani kwangu, na atakuja, mpeni kiti cha mbele, mwambieni Pazi alisema tulishika ncha zote mbili za kamba. Maneno hayo hayo, msiongeze.

Nipe maji, Shani. Kidogo tu. Basi.

Msidhani nikishamwambia kweli nilimaliza. Ukweli ni kama sindano, ukishachoma lazima uvute uzi. Felisian alirudishwa wodini akakataa dawa, akasema anamfuata mkewe, na alipotolewa aendelee na sindano za zahanati akakataa kwenda. Mimi si padri wala sheikh, na kila nilichotaka kusema alikuwa ameshakisikia. Basi nikabeba cherehani hii hii nikaiweka kibarazani kwake Makoko, nikashonea pale miezi mitatu, wateja wangu wa Nyasho wakanifuata huko wakinung'unika. Mama yenu aliposikia nakwenda kukaa na mtu wa kifua, alinifungia godoro. Yeye ndiye aliyenipa Felisian, jueni hilo, maana mke mwingine angesema chagua.

Kila asubuhi nilimwambia Felisian, nakwenda zahanati, panda baiskeli unisindikize. Hakuwa na nguvu ya kubishana, alipanda. Mchana nilimpa vifungo ashone. Mvuvi aliyezoea kuziba nyavu ana mkono, wanangu, vifungo vyake vilikuwa havitoki hata nguo ikichanika. Siku nyingine alishona viwili akalala, siku nyingine akavitupa uani akimlilia Dorotea, na mimi nikaviokota tukaanza tena. Sikumwambia nyamaza. Alitaka kumsema mkewe tukamsema, jinsi alivyopenda samaki ningu mwenye mayai, jinsi alivyokuwa na hasira za asubuhi. Mwezi wa tatu alipanda baiskeli kabla sijamwita. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki haina haja ya ufasaha, inataka mtu wa kukaa.

Siku naondoka ndipo tukaapiana. Akasema, Pazi, siku yako ikija, mimi sitakudanganya. Ndiyo maana hayupo hapa.

Sasa zamu yenu. Shani, wewe ndiye mkubwa. Usimtazame ndugu yako, nitazame mimi. Sema, mwanangu. Msema kweli mpenzi wa Mungu. Sema.

Eh.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Mwache alie, Mrisho, usimzibe mdomo. Lini? Alhamisi, baada ya adhuhuri. Alikuwa anafanya nini? Anachagua mchele. Akasema kichwa, akaegemea ukuta. Basi? Basi. Na Ijumaa mkamzika huko huko Bunda. Nani alimwosha? Mama yenu mkubwa, na wewe Shani. Umefanya vema, mwanangu, mkono wako na ubarikiwe. Sanda ilipatikana? Siku hizi madukani ziko tele. Haya.

Mnanitazama mkingoja nife. Sijafa. Inauma, nisiwadanganye, inauma kuliko figo zote mbili. Mwanaupe mke wangu, miaka thelathini na nne ya ndoa. Lakini nitawaambia kilichouma zaidi: tangu Jumatatu nilianza kumkasirikia. Jana nilisema moyoni, amenichoka, amechoka kumwaga mikojo ya mzee, amepata kisingizio cha mguu wa dada. Nilimdhania hivyo marehemu. Nyinyi mlikuwa mnanihurumia, na kila mliponihurumia nilikuwa nampoteza. Nimewasamehe, kabisa, wote. Mnisamehe na mimi, na mniombee radhi kwake mtakapokwenda kumsomea.

Nilitaka kusema nipelekeni Bunda. Naona mwili umekataa, miguu hii haifiki hata uani. Mwiteni Felisian. Mwambieni Pazi anajua, aje. Aende Bunda kwa niaba yangu, ninyi mumwonyeshe mahali, asimame pale anapotakiwa mume kusimama. Ni Mkristo, najua, sheikh akiuliza mwambieni ni mimi niliyemtuma.

Mimi mnizike hapa hapa Musoma, msinisafirishe, dini haipendi, na mama yenu hatapotea njia. Msikae matanga marefu. Pendaneni. Shani asinyimwe fungu lake kwa kuwa mwanamke. Mungu awape riziki isiyo na foleni, awape watoto watakaowaambia kweli, awape... ngoja. Niinueni kidogo. Hivyo.

Mmoja amebaki. Muharami. Huko Geita. Mlimwambia? ... Mmempigia jana simu ya maandishi ya posta, "Mama mgonjwa sana, njoo haraka." Nilijua. Ndivyo tunavyoandikaga sote, mtu anakimbia njia nzima, anashuka stendi anakuta vilio. Kesho mapema nenda posta, Mrisho. Kama nitakuwa nimeshakwenda, badilisha yaliyobadilika, uongo usiweke. Andika, Mama amefariki. Andika, Baba anajua. Na hiyo haraka... uifute. Andika, njoo salama.