Nyumba Moja, Majiko Mawili

Wasikilizaji wapendwa, karibuni, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina moja tu: Mwalimu Chungu. Alifundisha sayansi ya jamii katika chuo kidogo. Kidogo kweli, wasikilizaji. Darasa lake zamani lilikuwa stoo ya viti vibovu, na nyuma ya ukuta kulikuwa na darasa la mapishi, kwa hiyo nadharia za jamii zilifundishwa huku vitunguu vinakaangwa.

Mwalimu Chungu alifariki wiki iliyopita, baada ya kuugua kwa miezi kadhaa.

Waliomjua juujuu walidhani aliitwa Chungu kwa sababu ya alama alizokuwa akitoa. Zilikuwa chungu, hilo halina ubishi. Lakini jina lilianza zamani, akiwa mwanafunzi papo hapo chuoni. Walitumwa mitaani kuhesabu kaya. Na kaya, walifundishwa, si nyumba. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Akabisha hodi mlango wa kwanza, akamkuta bibi mmoja anafua. Woga ukamshika, swali likamkatikia mdomoni.

"Shikamoo, bibi. Eti hapa mnakula chungu?"

Bibi akamtazama juu mpaka chini. "Marahaba. Sisi hapa tunakula tamu, mjukuu wangu. Chungu mnakula kwenu."

Darasa zima lilicheka mpaka likachoka. Jina likamganda.

Wenzake hawakujua kwamba bibi yule alikuwa amegusa donda. Kwao kulikuwa kuchungu kweli. Aliishi na kaka yake katika nyumba waliyoachiwa na wazazi, ndugu wawili wa tumbo moja. Kaka alikuwa fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha, na alikuwa amemtengea mdogo wake nafasi kwenye karakana. Hata miwani ya kuchomelea alishamtafutia. Mdogo mtu akasema hapana, anakwenda chuoni kusoma jamii.

"Kusoma nani?" kaka akauliza.

"Watu, kaka. Jinsi wanavyoishi."

"Watu nao wanasomwa? Watu ni gazeti? Haya, kasome. Ukirudi na njaa wakupikie haohao watu wako."

Jioni ile mdogo mtu alirudi na jiko lake la mkaa, akaliweka kona ya pili ya chumba cha kupikia. Tangu hapo, nyumba moja, majiko mawili. Majirani hawakuingilia. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Walilima sana majirani hao, maana ndugu hawakupatana.

Msidhani walinuniana. Shikamoo ilitolewa, marahaba ikarudi. Paa likivuja, mmoja alishika ngazi, mwingine akapanda. Ila chakula, kila mtu na chake.

Zoezi lililofuata, mtaa wao ulimwangukia msichana mmoja wa darasani. Alifika nyumbani pale mdogo mtu hayupo, akamhoji kaka, akaondoka. Siku ya kuwasilisha akasimama mbele ya darasa.

"Kwenye nyumba moja nilikuta kaya mbili. Ndugu wawili, kila mmoja na jiko lake. Mkubwa aliniambia, niandike yeye peke yake. Huyo mwingine atajihesabu mwenyewe."

Mhadhiri wao akasema huo ni mfano mzuri sana. Mwalimu Chungu, wakati huo kijana, aliunakili kama wenzake. Msichana yule leo ndiye mkuu wa idara. Ametuambia hivi: "Hakuangalia pembeni, aliendelea kuandika. Mimi nilikuwa sijui kabisa kwamba ni kwao."

Mwalimu Chungu alipomaliza masomo alirudi kufundisha kwenye stoo ileile. Na kila mwaka, somo la kaya likifika, alitoa mfano uleule: ndugu wawili, nyumba moja, majiko mawili. Kila mwaka akajitokeza mwanafunzi mwenye huruma. "Mwalimu, hao ndugu walikuja kupatana?"

Naye alifuta ubao, akapangusa mikono. "Utafiti unaendelea."

Wanafunzi walicheka. Yeye hakuwa anatania. Baada ya kipindi alirudi nyumbani, akawasha jiko lake, akapika chakula cha mtu mmoja. Alitamani sana kaka yake amwambie njoo tule. Kaka naye alikuwa anangoja aombwe. Hivyo ndivyo watu wazima wawili walivyozeeka.

Kisha maradhi yakaja. Miguu ikakataa. Asubuhi moja alijikokota mpaka chumba cha kupikia, akakuta kona yake tupu.

"Kaka, jiko langu liko wapi?"

"Limetoboka," kaka akasema, bila kugeuka. Alikuwa anakoroga.

Sasa, wasikilizaji, fundi wa kuchomelea na jiko lililotoboka! Mwalimu Chungu alisimama pale kwa muda, ameshika ukuta. Kisha akaketi. Sahani yake ilikuwa tayari mezani.

"Chumvi imezidi, kaka."

"Kula hivyohivyo."

Akala. Alikula vivyo hivyo kila siku mpaka siku zake zilipokwisha. Darasani hakurudi tena.

Siku ya mazishi, mkuu wa idara alifika kutoa pole. Kaka akamkazia macho. "Wewe si yule binti wa maswali?"

Hapo ndipo mama wa watu alipojua alikuwa amesimama katika nyumba gani. Akakosa pa kuweka mikono.

"Nilikujibu kaya mbili," kaka akasema. "Karatasi ile bado unayo?"

"Haipo, kaka. Ni zamani mno."

"Basi nirekebishie hata kwa mdomo. Kaya moja. Mimi na mdogo wangu." Hapo akafunika uso kwa mikono yake ya kazi.

Mkuu wa idara ametuambia kwamba safari hii somo la kaya atalifundisha mwenyewe. Akiulizwa kama ndugu walipatana, ana jibu.

Kwako, fundi, kipindi hiki kinakupa pole. Tunaungana nawe, na wanachuo, na wote aliowapa alama chungu. Mungu amlaze mahali pema.

Jambo moja, halafu tuachane. Lile jiko tumeliona, nyuma ya karakana, limefunikwa turubai. Tumeligeuza huku na huku. Halina tundu hata moja.

Basi wewe unayetusikiliza, kama kwenu kuna majiko mawili, nenda kalitazame la kwako. Huenda nalo limetoboka.