Mume Wangu na Kisiwa Chake

Ndugu waombolezaji, kwa desturi yetu Watanzania historia ya marehemu husomwa na mtu wa ukoo wake, lakini ukoo uliofika hapa Roseville ni wajumbe wanne wa chama chake cha siasa, wanaomfahamu Mheshimiwa na hawamfahamu mume, hivyo nitasoma mwenyewe, mimi mjane wake, Avelina.

Marehemu Ellsworth Titus Cadette alizaliwa tarehe 4 Machi 1931, katika kijiji cha Anse Claire, kisiwani Saint Odile huko Karibi, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akasoma shule ya misheni hadi 1948, akawa mwalimu, kisha kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba ya ndizi, na mwaka 1972 akawa Waziri Mkuu, hadi jeshi lilipompindua tarehe 9 Juni 1979.

Aliwasili Minneapolis kama mkimbizi Januari 1980, amevaa koti la mvua, akapata kazi ya kufundisha chuoni, tukafahamiana hapo, tukafunga ndoa tarehe 14 Julai 1984, wala hakuna aliyeniambia kwamba naingia uke wenza. Mke mkubwa alikuwa kisiwa. Kilipiga simu kila Jumapili chakula kikiwa mezani, naye aliongea amesimama, kama yuko bungeni, na saa yake ya mkononi aliiacha kwenye majira ya kule, yanayotangulia ya hapa, ndiyo maana kwenye sherehe zenu tulifika kabla ya wenyewe. Dada yangu Dativa alimwambia, "Shemeji, gombea na hapa nyumbani, kura yangu unayo," mume wangu akacheka mpaka akatoa machozi, kisha akarudi kwenye simu.

Mwaka 1986 tulijaaliwa binti, Victoria, jina nililompa mimi, kwa sababu baba yake alitaka aitwe Odile.

Marehemu alianza kuugua figo mwaka 1994, akatibiwa hapa jirani, Saint Paul, hadi alipofariki alfajiri ya Jumamosi, tarehe 11 Januari 1997.

Juzi kiongozi wa wajumbe, Bwana Cyrus, alinieleza jikoni kwangu kwamba ndege ya kumrudisha kisiwani ipo na kaburi la heshima lipo, "Madam, yule ni wa taifa," nikamuuliza taifa lilikuwa wapi nilipokuwa nampeleka hospitali kusafishwa damu, tukipita kwenye theluji, akajibu kwa upole, "Tulikuwa tunamsubiri." Iliniuma, maana mimi pia nilikuwa namsubiri, tena ndani ya nyumba moja. Lakini Desemba watu wa chama walimuuliza kwenye simu angependa alazwe wapi, nami nikisikiliza nikiwa nimeshajiandaa kushindwa, akasema, "Muulizeni Avelina."

Nimeulizwa, nimejibu, anabaki. Bendera ya kisiwa itafunika jeneza hadi makaburini, kisha tutaikunja vizuri na kuwarudishia wenyewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani waliotuondolea theluji mlangoni, Watanzania na Wakenya waliopika tangu Jumamosi, na wachimbaji walioyeyusha kwa moto ardhi iliyoganda kwa baridi ili tupate pa kumweka, na ninyi wajumbe pia, mmetoka mbali.

Saa yake nimeirudisha nyuma leo asubuhi, kwa mkono wangu. Tunazika saa nane, saa za hapa.

Pumzika kwa amani, Ellsworth, simu ya Jumapili nitaipokea mimi.