Mama wa Mayai Matatu

Wapendwa, kwanza nimshukuru Mungu kwamba nimesimama mbele yenu kwa miguu yangu mwenyewe. Mchungaji amenipa dakika chache, nitajitahidi, ingawa mnajua mdomo wangu.

Mnanifahamu, nauza dagaa soko la Mwaloni, pale Kirumba. Biashara ilipokuwa inakwenda vizuri, mnada wa sadaka baada ya ibada ulikuwa uwanja wangu. Mtu akileta kuku, mimi napandisha bei mpaka wengine wananyamaza, halafu nasubiri makofi. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, makofi yale yalikuwa matamu kuliko kuku mwenyewe.

Jumapili moja mama mmoja mjane alileta mayai matatu. Nikamnong'oneza jirani yangu, "Hata mayai matatu nayo yanaletwa mbele za Mungu?" Tukacheka chini chini.

Ikakaribia sikukuu ya mavuno, nikasikia kuna mzee ataleta fahali. Nikajiambia, fahali huyo haendi kwa mtu mwingine. Ili nipate pesa ya kutamba nayo, nikatia mtaji wote kwenye dagaa, na mvua zimeshaanza. Wenzangu wakanionya, "Dada, mvua hii utaanika wapi?" Sikusikia la mtu. Ikanyesha siku sita mfululizo, dagaa wakaoza, nikawauza kwa watengeneza chakula cha kuku kwa bei ya kutupa.

Umaskini niliuweza. Aibu ndiyo iliyonishinda. Ningekaaje mnadani nimefumba mdomo? Nikaacha kuja kanisani, nikajifungia nyumbani Pasiansi miezi mitatu, watoto wanakula mlo mmoja.

Asubuhi moja nikasikia hodi. Alikuwa yule mjane.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea sana."

Akafungua fundo la kanga, akaniwekea noti mkononi. Zilikuwa pesa za bati alizokuwa akidunduliza, na nyumba yake naijua, inavuja. "Kaanze na ndoo mbili za dagaa," akasema. "Si mkopo."

Nikalia. Nikamwuliza, "Mama, siku ile ya mayai ulinisikia?"

"Nilikusikia vizuri. Masikio yangu bado mazima."

"Sasa mbona unanipa?"

"Kwani yale mayai nilikuletea wewe?"

Akaondoka, hata chai hakunywa. Jamani, yule mama ana moyo! Miaka yote mimi nilitoa kile ambacho hata kikitoka sikuhisi kupungukiwa. Yeye alitoa paa lake, akarudi kulala chini ya matone. Jumapili iliyofuata nilikuja kanisani mikono mitupu, nikakaa.

Ndoo mbili zikawa nne, nne zikawa gunia. Nikampelekea pesa zake, akazikataa. "Ukinirudishia utakuwa umenigeuza benki. Katafute mwingine aliyejificha."

Nawashukuru wenzangu wa Mwaloni mlionipa nafasi ya kuanika bila kunicheka. Na wewe mama, ulinikataza nisikutaje, sijakutaja. Wajane humu ni wengi, kwa hiyo wapendwa acheni kugeuza shingo.

Nililojifunza ni hili: sadaka ina msikilizaji mmoja tu, naye hahitaji kupigiwa kelele.

Na aliyejificha nilimpata, mwezi uliopita. Ni nani, na nilimpa kiasi gani, sitawaambia.