Nilikata Tiketi ya Kwenda Kuzaa Kwetu, Mungu Akanizuia Rhotia

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Asifiwe tena! Naomba mzee wa zamu asiniangalizie saa leo. Nina furaha kubwa, na mkinikalisha kabla sijamaliza nitaendelea kusimulia nikiwa nimekaa!

Jina langu ni Naomi. Wengi mnaniita Mama Mkenya, na siwakatalii. Nimezaliwa Kisii. Nilikuja huku miaka mitano iliyopita kupika kwenye lodge moja kule juu, karibu na geti la Ngorongoro. Huko ndiko nilikokutana na Daniel, dereva wa watalii, Mwiraqw wa hapa hapa Rhotia. Tukafunga ndoa mbele ya madhabahu hii. Mlikuwepo. Mlikula pilau yangu, wengine mkarudia!

Lakini ndugu zangu, kuna jambo hamkulijua. Miaka yote hiyo niliishi kati yenu kama mtu anayesubiri gari. Sikupanda hata mchicha. Nguo zangu nzuri zilikaa kwenye begi. Nikisema sokoni "niko na haraka," wauza nyanya walikuwa wakicheka Kiswahili changu, nami nacheka nao, lakini nikifika nyumbani najiambia: hapa si kwetu.

Hofu hiyo ilikuwa na chanzo. Dada yangu Kemunto alikwenda ng'ambo kufanya kazi za ndani. Akaolewa huko, akapata mimba, akatutumia picha ameshika tumbo anacheka. Siku ya kujifungua damu ikamtoka. Mume alikuwa safarini. Alikuwa kati ya watu wasiojua lugha yake, bila ndugu hata mmoja wa kumsemea. Akafa yeye na mtoto. Sisi tukapokea sanduku lililopigiliwa misumari, tukaambiwa tusilifungue. Mama yangu alilala juu ya lile sanduku akaapa kwamba hakuna binti yake mwingine atakayezaa ugenini. Nami nikaapa naye.

Basi nilipopata mimba, baada ya miaka mitatu ya kuomba na kulia, furaha yangu ilikuwa na kivuli ndani yake. Daniel alipiga magoti jikoni akimshukuru Mungu, mimi nimesimama pale nahesabu miezi: lini nitaondoka niende nikazae Kenya?

Hapo ndipo nyumba yetu ilipoanza kuwaka moto. Daniel alisema, "Mke wangu, mtoto akizaliwa kule tutahangaika na ofisi za nchi mbili kutafuta cheti. Na mimi nitamwona lini?" Mama yangu akawa ananipigia simu kila asubuhi: "Utakuja lini?" Rafiki zangu wa kazini nao kila mmoja na lake. Mmoja ananiambia hospitali za kwetu ni bora, mwingine ananiambia nikizaa huko mume atanisahau. Nilikuwa nalala na Kenya, naamka na Tanzania!

Na mama mkwe wangu, yule pale amekaa na kitenge cha kijani, alikuwa hasemi kitu. Kiswahili chake ni kidogo, na mimi Kiiraqw sijui. Nikauchukua ukimya wake kuwa ni hila. Niliamini anataka kunifunga hapa nizae mtoto wa ukoo wao, mimi nikifa wabaki naye. Mama, nilikuwazia mabaya. Leo nakuomba msamaha mbele ya kanisa!

Mwezi wa nane wa mimba ulipokaribia nikakata tiketi bila kumwambia Daniel. Basi la Alhamisi, lile linalopita hapa asubuhi, likapanda Ngorongoro, likakata Serengeti yote hadi Musoma. Kutoka Musoma ningefika mpakani Sirari, na kutoka mpakani ni kwetu. Jumatatu mama mkwe akalikuta begi limefungwa. Nikajiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni.

Akaketi kitandani polepole. Akasema kwa Kiswahili chake kile cha kutafuta neno moja moja, "Mwanangu, mimi sikuzuii. Kwenu ni kwenu. Lakini kapimwe kwanza. Wakisema uko salama, nitakusindikiza mimi mwenyewe mpaka mpakani."

Ndugu zangu, yale maneno makali niliyameza yote!

Tukaenda Karatu hospitalini. Mkunga aliyenipima ni mama wa makamo, mpole lakini hapindishi maneno. Akanipitishia kile kipimo cha tumbo, akarudia, akarudia tena. Nikaona uso wake umebadilika. Akaniambia kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia ya mtoto, kwa hiyo nitazaa kwa upasuaji. Tena damu inaweza kutoka ghafla saa yoyote, bila hata uchungu.

Nikamwambia, "Sista, mimi Alhamisi nasafiri kwenda Kenya."

"Kwa njia gani?"

"Kwa basi la Musoma."

Akaweka kalamu chini. "Dada, njia ile ya hifadhini naijua. Vumbi na mashimo kutwa nzima. Damu ikianza kutoka katikati ya Serengeti, nani atakupasua? Swala?"

Hakucheka, nami sikucheka. Akaongeza kwamba damu yangu ni O hasi, damu adimu, na kwamba nisikae mbali na hospitali hata siku moja.

Mngedhani nilitii pale pale. Wapi! Nilirudi nyumbani nimekasirika. Nikasema hawa wote wamepanga. Kichwani mwangu nilikuwa naona kitu kimoja tu: lile sanduku la misumari. Kuzaa ugenini ni kufa. Jumanne sikula. Jumatano nikaingia shambani kwa mama mkwe, katikati ya mahindi, nikapiga magoti kwenye udongo na tumbo langu kubwa, nikamlilia Mungu kwa sauti. Nikamwambia: "Bwana, nikienda ninaogopa kufa, nikibaki ninaogopa kufa. Sina nchi ya kuzalia! Nionyeshe."

Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Sitawadanganya. Lakini kilichonijia ni utulivu, na pamoja nao ujasiri wa kufanya jambo nililokuwa nimelikwepa siku zote mbili: kumpigia mama yangu na kumwambia ukweli. Nikapiga nikiwa bado kwenye mahindi.

"Mama," nikasema, "wamenikataza kusafiri. Nimeamua kubaki. Nitazaa huku."

Nikasikia anapumua. Nikajua analiona sanduku. Nikangoja anilaani.

Ndipo akasema, "Kama wewe huwezi kuja, basi mimi nakuja. Mtume mume wako anielekeze magari."

Mama yangu! Mwanamke ambaye hajawahi kuvuka mpaka wa nchi yoyote maisha yake yote! Haleluya!

Siku hiyo hofu ilinitoka, ndugu zangu. Ilitoka kabla ya hatari kuja, na huo ndio muujiza wa kwanza. Nililifungua lile begi mwenyewe, nikatundika nguo zangu. Daniel aliporudi jioni nikamwambia habari ya tiketi. Alishika mkono wangu akasema, "Asante kwa kubaki." Tukaomba.

Alhamisi ikafika. Asubuhi nikalisikia basi likipita barabarani, nikalipungia mkono nikiwa mlangoni. Daniel alikuwa ameshuka kreta ya Ngorongoro na wageni, simu haipatikani. Saa sita mchana nimeinama nachambua maharage, nikahisi kitu cha moto miguuni. Nikatazama chini. Damu! Damu nyingi, na sisikii maumivu yoyote!

Nikapiga kelele. Mama mkwe akaja mbio, akaona, akanilaza ubavu. Hakulia. Akatoka nje akasimama katikati ya lami, mikono juu, mama mzee vile, hadi gari likasimama! Lilikuwa pikapu la vitunguu kutoka Mang'ola. Dereva akageuza gari pale pale kurudi Karatu. Wakanipakia mbele, na mama mkwe akapanda nyuma juu ya magunia, akiomba kwa Kiiraqw kwa sauti iliyonifikia mpaka ndani. Sikuelewa neno hata moja, na kila neno liliniingia moyoni.

Sasa hesabuni saa, ndugu zangu. Saa sita mchana lile basi lilikuwa wapi? Katikati ya mbuga! Hakuna daktari, hakuna kisu, hakuna damu. Na mimi nilikuwa dakika chache tu kutoka hospitalini. Nani aliyepanga hivyo? Mwambieni jirani yenu: ni Mungu!

Lakini vita haikuisha. Hospitalini ilikuwepo chupa moja tu ya damu inayonifaa. Daktari akasema wanaanza kunipasua, lakini damu zaidi itafutwe upesi. Mama mkwe akanyoosha mkono, akapimwa, haikulingana. Akampigia Mama Mchungaji. Na siku hiyo Karatu ilikuwa siku ya mnada. Mama Mchungaji wetu akaenda moja kwa moja mnadani, akamwendea mtangazaji, akachukua kipaza sauti katikati ya ng'ombe na mitumba, akatangaza: "Kuna mama anakufa hospitalini! Anatafutwa mtu mwenye damu O hasi!"

Watu wakaacha biashara wakaenda kupimwa. Mliokwenda, mlio hapa leo, mnajijua. Waliolingana ni wawili. Mmoja ni mwalimu kutoka Mbulumbulu aliyekuja kununua viatu. Mwingine ni mzee wa Kimaasai aliyeleta ng'ombe kutoka Malambo. Yeye aliijua damu yake tangu alipopimwa akimuuguza mkewe. Alimwachia mwenzake ng'ombe wake, akaja amevaa shuka lake, akajilaza, akatoa. Mama mkwe alipotaka kumshukuru, akasema tu, "Mwanamke akizaa, anazaa kwa wote," akarudi mnadani.

Nilipozinduka nilisikia mtoto analia. Ni msichana, ndugu zangu! Mdogo, wa kilo mbili, lakini sauti kama ya kwaya nzima! Mama mkwe amemweka kifuani, ngozi kwa ngozi, kama mkunga alivyomfundisha. Daniel amesimama na sare yake ya kazi, vumbi la kreta usoni, machozi yamechora mistari mpaka kidevuni.

Ijumaa alasiri mama yangu akaingia wodini. Amevuka mpaka, amevuka Serengeti, amevimba miguu, ameshika kikapu cha ndizi kutoka kwetu. Hakuja kwangu kwanza. Alisimama akamtazama mama mkwe aliyekuwa na mtoto kifuani. Hawa mama wawili hawana lugha moja iliyonyooka kati yao. Mama yangu akauliza, "Ni nani alimpa mtoto wangu damu?" Mama mkwe akajibu kwa Kiswahili chake, "Watu. Watu wa hapa." Mama yangu akaweka kikapu chini, akamkumbatia pamoja na mtoto katikati, wakalia mpaka nesi akaja kuuliza kulikoni!

Ndugu zangu, sisemi kwamba kila mtu abaki, wala sisemi kila mtu arudi kwao. Wewe labda Mungu atakuambia uende. Nasema hivi: usichaguliwe nchi na hofu. Mungu alikuwepo Kisii, alikuwepo kwenye mahindi ya Rhotia, alikuwepo hata mnadani kati ya ng'ombe! Mkabidhi yeye njia yako, halafu sikiliza pia wale aliowapa ujuzi wa kukupima.

Ninawashukuru. Mwalimu, asante. Mzee wa Malambo hayupo hapa, lakini juma lijalo mimi na Daniel tunakwenda na mtoto amwone.

Na wewe dada uliyekuja juzi kutoka Burundi, unayeketi kiti cha nyuma karibu na mlango, nimekuona tumbo. Nimekuona pia unavyowahi kutoka kabla hatujasalimiana. Leo usitoke. Nisubiri hapo hapo. Kesho ni siku ya kliniki, na tutakwenda wote, mimi na wewe na mama mkwe wangu. Bwana asifiwe!