Marehemu Aliyehojiwa Kila Mwaka

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, ndugu wazazi, na ninyi wanafunzi mnaoniita Mama Shii kwa kuwanyamazisha maktabani, mkidhani sijui: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimealikwa niage, nipokee zawadi, nikae. Kuaga nitaaga. Lakini nimesikia kwamba wiki ijayo Bodi inakutana kuamua maktaba yetu igeuzwe chumba cha mikutano, kwa sababu eti watoto wa siku hizi hawaihitaji, kila kitu kiko kwenye simu. Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa heshima zote, hilo sitaliacha lipite huku nimekaa nakula keki.

Ndugu wageni waalikwa, mnajua mradi wa utafiti ulivyokuwa ukifanyika hapa? Kaka akimaliza shule anamwachia mdogo wake, kama anavyomwachia sweta. Mdogo anabadilisha jina kwenye jalada, anakusanya, anapata alama zake. Ndivyo fundi viatu wa kona ya sokoni alivyohojiwa kila mwaka, na kila mwaka akasema yaleyale: "Biashara ni nzuri, namshukuru Mungu." Mwaka jana kundi moja lilipoleta tena maneno hayo, nikawaambia, "Haya, twendeni nikamsalimie huyo mzee." Wakatazamana. Mmoja akaanza kuumwa tumbo palepale.

Tulimkuta mjane wake kwenye kigoda, anashona soli. Mzee wa watu alishafariki zamani, na shule yetu ikawa inaendelea kumhoji tu! Nilipomweleza kilichotuleta, nilidhani mama yule atatutoa mbio na nyundo. Akawatazama watoto, akasema, "Marehemu mnamhoji. Mimi niliye hai, ninayeshona, mbona hamniulizi kitu?"

Basi wakatoa kalamu. Wakamuuliza biashara ikoje, akasema nzuri. Halafu wakafunga madaftari. Hawakuwa na swali la pili! Simu walikuwa nazo mfukoni, tena za maana kuliko yangu, na swali la pili hawana. Iliniuma, jamani, acheni tu.

Nikawarudisha maktaba. Nikawaambia hakuna kutoka mpaka mjue mnachokwenda kuuliza. Walinuna, wakasoma. Wakasoma habari za ngozi, za soli, za viatu vya plastiki. Na katika kitabu cha kemia ambacho kurasa zake zilikuwa zimegandana kwa kutofunguliwa, binti mmoja akafika kwenye mvuke wa gundi. Akasoma, akainua kichwa. "Mwalimu," akasema, "yule mama anakohoa."

Siku ile hakuna aliyesubiri kengele. Walirudi sokoni na maswali ya kweli: unatumia gundi gani, kibanda unakifunga saa ngapi, kikohozi kilianza lini? Majibu yakawatisha, wakampeleka zahanati. Daktari akamwambia kwamba mvuke ule, ndani ya kibanda kisicho na dirisha, ndio unaomchoma kifua, na kwamba amewahi. Leo meza yake iko nje, upepo unapita.

Yupo hapa, safu ya pili, mwenye gauni la kijani. Dada yangu, hebu simama wakuone. Msimpigie makofi bado! Nyamazeni kidogo, msikilize anavyopumua.

Mmesikia? Haya, sasa pigeni.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mkutano unaweza kufanyika hata bwaloni, masufuria yakigongana. Lakini mtoto asiyejua la kuuliza, akajifunzie wapi kuuliza? Mimi simu sizikatai; nazikataa zikigeuzwa kisingizio cha kufunga mlango. Na ninyi wanafunzi, nikisikia kuna aliyerithi mradi tena, nitamfuata mpaka kwao.

Nimestaafu, ni kweli. Mshahara umekwisha na amri mnazo ninyi. Ila siku Bodi itakapokutana, mimi nitakuwa maktaba kama bibi wa mwanafunzi, maana mjukuu wangu anasoma hapa, na kundi jipya litakuwa mezani linaandaa maswali yake. Atakayetumwa kuhamisha makabati, karibu sana. Aanze kwa kunibeba mimi, na mwili huu mnauona.

Kwa wote mlionisikiliza, pamoja na wale wa meza kuu walioacha kutabasamu, asanteni sana.