Damu ya Akina Kvist

Gudrun alijifanya amesinzia nyuma ya wazee wawili kwenye basi la kwenda mji wa Lemvig.

"Nimepima DNA ya upande wa baba," mzee Nørgaard alimlalamikia mwenzake asiyemjua. "Kumbe babu wa babu yangu alioa mjane wa shamba la Nørgaard, akachukua jina la shamba, kama ilivyokuwa desturi. Damu yetu ni ya akina Kvist! Mabahili wale! Kahawa yao nyepesi hadi unaona kitako cha kikombe."

"Mimi ni Kvist," mwenzake akasema.

Usingizi wa kujifanya wa Gudrun uliisha hapo hapo.

Nørgaard aliiva uso kwa aibu, akafungua chupa yake ya kahawa haraka na kummiminia kikombe. "Samahani, mzee mwenzangu. Kunywa."

Basi lilisimama. Kvist akachungulia kikombe, kisha akamkumbatia.

"Naona kitako. Karibu nyumbani, ndugu yangu."